Msumeno wa mtumba: ukunje kabla ya kulipa

Ukikuta msumeno wa zamani pale Gerezani, Dar es Salaam, usihangaike kwanza na kutu; ile ya juujuu inatoka kwa msasa namba 220 na mafuta ya taa. Shika mpini, vuta ncha taratibu mpaka bapa lijikunje kama upinde, halafu achia. Sasa weka jicho upande wa mpini, utazame mstari wa meno mpaka nchani. Chuma kizuri hunyooka chenyewe. Likibaki na mpindo mpana kidogo, fundi mzoefu atalinyoosha. Likiwa na kunjo kali sehemu moja, rudisha, maana litabana kwenye mbao kila kunjo likiingia. Meno butu yasikutishe, tupa ya pembetatu inayarudishia makali. Ila yakiwa na rangi ya bluu-nyeusi ncha zote, yamekomazwa kiwandani na tupa itateleza tu, hata muuzaji akiapa. Kukunja hakuonyeshi vishimo vya kutu: vikiwa jirani na meno, meno hukatika ukianza kuyatanua, yaani kuyapinda moja kushoto, moja kulia. Na msumeno wenye uti wa chuma mgongoni usiukunje kabisa, utazame tu.