Ijue Ufaransa kwa mihadhara yake

Kama Ufaransa unayoijua ni ya Mnara wa Eiffel na Napoleon tu, jaribu mihadhara ya Collège de France, Paris. Taasisi hii ilianzishwa mwaka 1530 chini ya Mfalme François I, na haitoi shahada. Mtu yeyote huingia bure, nafasi zikiwepo, na mihadhara mingi imerekodiwa na kuwekwa kwenye tovuti yao. Kwa ndugu zetu wa Goma, Bukavu au Bujumbura ambao Kifaransa wanacho tayari, hii ni hazina iliyo wazi kabisa.

Ushauri wangu: usianze na wafalme na vita. Chagua kitu kimoja cha kushikika, kisha utafute mihadhara inayokigusa. Mimi ningechagua rangi. Mwaka 1824 mkemia Michel Eugène Chevreul alikabidhiwa kazi ya kusimamia utiaji rangi kwenye karakana ya Gobelins, Paris, inayofuma mazulia ya kutundika ukutani. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akagundua kwamba tatizo halikuwa dawa ya rangi, bali jicho huiona rangi tofauti kutegemea ile iliyo jirani yake. Alichapisha kitabu mwaka 1839, na baadaye wachoraji kama Georges Seurat wakayafanyia kazi mawazo hayo. Kisa kimoja, na tayari umepita kwenye kemia, ufumaji na sanaa!

Kifaransa chako kikiwa cha kuungaunga, punguza kasi ya video na uandike majina na miaka tu. Mengine utayasoma baadaye kwa utulivu.