Somo: Kuingiza matabaka kwenye QGIS bila Jangwani kuhamia Hispania

Habari zenu wakuu. Lalamiko ninaloletewa mara nyingi ni hili: "Nimeingiza data, jina la tabaka linaonekana pembeni, ramani nyeupe pee." Programu yenyewe, yaani QGIS ya kutengeneza ramani kwenye kompyuta, huwa haina tatizo. Imedanganywa tu kuhusu namba ilizopewa. Kwa hiyo vitufe nitavipitia haraka, kwenye namba ndipo tutakaa.

Tutumie bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, ilipo kata ya Jangwani. Tunataka ramani moja yenye matabaka manne, yaani seti nne za data zinazolala moja juu ya nyingine: mipaka ya kata, mifereji, nyumba zilizoingia maji (nukta zimechukuliwa kwa simu, zikaandikwa Excel) na mchoro wa zamani wa upimaji.

Hatua ya 1: Kagua mafaili kabla ya kufungua programu

Mipaka ya kata kwa kawaida utaipata kama shepufaili. Jina linasikika kama faili moja, kumbe ni familia: .shp ina maumbo, .dbf ina jedwali, .shx ni faharasa inayoonyesha kila umbo liko wapi ndani ya .shp, na .prj inasema koordineti (namba za mahali) ni za mfumo gani. Zote zikae folda moja, kwa jina lilelile. Anayekutumia .shp peke yake kwa WhatsApp hajakutumia kitu, mrudishie aifunge folda nzima kwa zipu.

Hatua ya 2: Ingiza kata

Fungua mradi mpya, bonyeza Ctrl+L, chagua Vector, elekeza kwenye .shp, kisha Add. Au iburute tu hadi kwenye dirisha la ramani, matokeo ni yaleyale. Sasa tazama kona ya chini kulia: kuna maandishi yanayoanza na EPSG, yakifuatiwa na namba ya mfumo wa koordineti. Huo ndio mfumo wa mradi, na usipobadilisha mipangilio, tabaka la kwanza kuingia ndilo linalouamua. Ndiyo maana naanza na kata, siyo picha ya nyuma ya OpenStreetMap (ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wenyewe), ambayo huja na mfumo wake wa 3857.

Hatua ya 3: Mifereji

Sakinisha kiongezi cha QuickOSM, kinachovuta data za OpenStreetMap, tafuta waterway=drain (lebo ya mifereji) kwa eneo unaloliona kwenye ramani. Dar tuna bahati: kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliingiza wanafunzi wa vyuo na wakazi mitaani kuchora mifereji na nyumba kwenye OpenStreetMap, kwa hiyo kuna mitaa utakuta mifereji ambayo kwenye ramani nyingine haipo kabisa.

Hatua ya 4: Nukta za Excel

Hifadhi jedwali kama CSV, yaani maandishi matupu ambayo safu zake zinatenganishwa kwa alama kama mkato. Ctrl+L tena, Delimited Text. Hapa ndipo watu wanapopotea. Programu inauliza X na Y. X ni longitudo, Y ni latitudo. Sisi tumezoea kutamka latitudo kwanza, basi mtu anazijaza kwa mpangilio huohuo.

Chukua nukta moja ya Jangwani: latitudo -6.82, longitudo 39.28. Ukizigeuza, nyumba yako inahamia Hispania, jirani na mpaka wa Ureno. Ukisahau alama ya kutoa, inakwenda Ethiopia. Ukizipanga sawasawa lakini ukachagua mfumo wa UTM (wa mita) badala ya EPSG:4326 (wa digrii), inatua Antaktika, maana programu inasoma digrii 39 kama mita 39. Nukta ikiwa Ghuba ya Guinea, kuna mstari wa jedwali wenye sifuri na sifuri. Kwa hiyo kabla ya kufuta na kuanza upya, bofya kulia kwenye tabaka, chagua Zoom to Layer, uone limeangukia wapi. Nchi utakayoikuta ndiyo itakayokuambia kosa.

Hatua ya 5: Mchoro wa zamani

Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zilitengenezwa kwa Arc 1960, msingi wa zamani wa kupimia mahali, simu yako inatumia WGS 84, msingi wa GPS. UTM hugawa dunia kwa kanda zenye namba; zote mbili zikiwa kwenye UTM kanda ya 37 kusini, namba zinafanana sura: Jangwani ni kama 530900 mashariki na 9246000 kaskazini, kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ukiita data ya Arc 1960 kuwa ni WGS 84, kila kitu kinasogea takriban mita 300 kuelekea kaskazini, na kidogo magharibi. Hatari yake ni kwamba ramani inapendeza! Hakuna kilichoruka kwenda Ulaya. Ila nyumba ya bondeni inaonekana iko kwenye mwinuko.

Dawa: bofya kulia, Set Layer CRS (CRS ni mfumo wa koordineti), weka EPSG:21037, yaani Arc 1960 kanda ya 37 kusini. Programu ikiuliza njia ya kubadilisha, chukua iliyoandikwa Tanzania. Kitendo hicho hakibadilishi namba hata moja, kinasema tu ukweli kuhusu namba zilizopo. Ukitaka namba zenyewe zigeuke, tumia Export, kisha Save Features As, uchague EPSG:32737, yaani WGS 84 kanda hiyohiyo. Anayetumia Set akidhani anabadilisha ndiye anayeharibu tabaka lililokuwa zima.

Hatua ya 6

Hifadhi yote kwenye GeoPackage. Faili moja, matabaka yote ndani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Mimi niko Dodoma, nitumie hiyohiyo 37?

Jibu: Hapana. Mpaka wa kanda uko longitudo 36, na Dodoma mjini ni kama 35.7, kwa hiyo wewe ni kanda ya 36: 32736 kwa WGS, 21036 kwa Arc. Mwanza na Mbeya vilevile. Kigoma mjini iko kanda ya 35. Ukifanya nchi nzima, acha UTM, baki na 4326.

Swali: Shikamoo mwalimu. Safu yangu "idadi_ya_kaya" nikiihifadhi inageuka "idadi_ya_k". Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Hujakosea. Jedwali la shepufaili halikubali jina la safu lenye zaidi ya herufi 10. Kama una "idadi_ya_kuku" pia, ndipo utakapochanganyikiwa. Tumia GeoPackage, au fupisha mwenyewe: "kaya", "kuku".

Swali: CSV yangu inaingia lakini haichori nukta hata moja. Koordineti nimezikagua, ziko sawa.

Jibu: Fungua CSV kwa Notepad, siyo Excel. Ukiona 39,28 badala ya 39.28, kompyuta yako inatumia mkato kwa desimali. Kwenye dirisha la Delimited Text kuna kisanduku cha Decimal separator is comma, kiwekee tiki. Angalia pia kama safu zimetenganishwa kwa nukta-mkato, maana Excel ya namna hiyo hufanya hivyo.

Swali: Na kama .prj haipo kabisa, na aliyepima mchoro hapatikani? Nitajuaje ni Arc au WGS?

Jibu: Tafuta kitu kisichohama ambacho kiko kwenye mchoro na kwenye picha ya satelaiti: daraja, njia panda ya zamani, reli. Weka 32737 kwanza, pima pengo. Likiwa mita chache tu, ni WGS. Likikaribia mita 300 na mchoro uko juu kaskazini, weka 21037 uone kama vinalaliana. Rudia kwa alama ya pili iliyo mbali na ya kwanza, kwa sababu daraja moja linaweza kuwa limejengwa upya pembeni ya lile la zamani. Visipolaliana kwa mfumo wowote kati ya hiyo miwili, tuma hapa namba za kona mbili za mchoro tuziangalie.