Majana Yakioza Mzingani, Pima Kabla ya Kuchoma

Umefungua mzinga Muheza au Pangani, vifuniko vya sega vimebonyea na kutobokatoboka, majana, yaani watoto wachanga wa nyuki, yamekuwa kahawia na harufu inakupiga puani. Usikimbilie kiberiti. Dawa iliyopulizwa kwenye michungwa ya jirani huua majana pia, na nyuki wetu wa pwani, wepesi wa kuhama, huyaacha yakaoza yenyewe.

Kiberiti chenyewe kina kazi nyingine. Chukua kijiti chake, chokoa jana lililokufa kwenye chumba kilichofunikwa, uvute taratibu. Ukitoka uzi kama mlenda, sentimita 2 au zaidi, shuku ugonjwa wa uozo wa Kimarekani, unaoletwa na bakteria Paenibacillus larvae. Uozo wa Ulaya, wa Melissococcus plutonius, mara nyingi huua jana chumba kikiwa bado wazi. Jana hulala limejipinda, pengine likanuka uchachu.

Tatizo ni kwamba kijiti hakioni kila kitu. Aina moja ya uozo wa Kimarekani, ERIC II, huua majana kwa takriban siku 7, nyuki wakayatupa nje mengi yake kabla ya kuyafunika. Uzi utautoa wapi? Kipimo cha vinasaba, PCR, hunakili kipande cha jeni ya bakteria mara nyingi mno hadi kionekane, na hutenganisha magonjwa haya mawili.

Kuyatenganisha ni fedha. Spora, yaani mbegu sugu za bakteria wa uozo wa Kimarekani, huishi miaka zaidi ya 35 na antibayotiki haziziui, ila huacha mabaki kwenye asali. Hapo ni kuchoma masega shimoni na kufukia. Uozo wa Ulaya, kundi lenye nguvu huweza kuupona. Mwenye mizinga mitano ya kibiashara akichoma mzinga wa uozo wa Ulaya kwa kubahatisha, amejifilisi bure.

Muulize kwanza afisa nyuki wa wilaya ni maabara gani inapokea sampuli. Kata sega la sentimita 10 kwa 10 lenye majana yaliyokufa, lisiwe na asali, ulifunge kwa gazeti. Mfuko wa nailoni katika joto la Tanga utapeleka ukungu. Andika namba ya mzinga na tarehe. Kisu kipitishe motoni kabla ya kugusa mzinga mwingine.

Jibu likisema bakteria yupo, uliza lilitokana na nini. Vinasaba vilivyokutwa kwenye asali peke yake havithibitishi kuwa kundi linaumwa. Rudi ukague majana. Hadi hapo, usihamishe sega lolote kutoka mzinga huo.