Kuchonga njia ya shamba kwa trekta dogo: anza na maji, tope baadaye

Kila mwaka ikifika Aprili, simu ninazopokea kutoka Uru, Kibosho na Old Moshi, huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hufanana. Gari la maziwa limeshindwa kupanda. Pikapu ya ndizi imelala mtaroni. Parachichi zimeshachumwa, zinasubiri gari ambalo halifiki. Siku hizi kuna swali linalofuata, kwa sababu wakulima kadhaa wamenunua matrekta madogo: "Bwana shamba, bapa la nyuma ninalo, nisukume hili tope leo?"

Jibu langu ni hapana, leo usisukume. Niliwahi kujibu ndiyo, na aliyelipa gharama ni mkulima.

Bapa tunalolizungumzia ni ile sahani ya chuma iliyopinda, inayofungwa kwenye mikono mitatu ya kuinulia zana nyuma ya trekta. Huko Kanada na nchi nyingine za baridi, watu hulitumia kuondoa theluji njiani. Sisi theluji tunaitazama tu juu ya kilele cha Kibo asubuhi mawingu yakifunguka, lakini video nyingi ambazo vijana wetu wanajifunzia kazi ya bapa zinatoka huko, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Theluji ukiisukuma pembeni na kuiacha kama tuta, mwishowe jua litaiyeyusha. Tope halina kwa kwenda. Likisukumwa pembeni hukauka na kuwa ukingo, na ukingo huo huyazuia maji ya barabarani yasitoke. Mvua inayofuata inateremka katikati ya njia yako.

Ndicho kilichompata mzee mmoja wa Uru katika miaka yangu ya mwanzo kazini. Nilimwambia asafishe njia yote mara moja, tope liende pande zote mbili. Jioni njia ilipendeza. Siku ya tatu ilinyesha usiku kucha, na asubuhi njia ilikuwa korongo linalofika magotini. Maji yalikuwa yamevunja ukingo kwenye kona na kushuka kwenye kahawa yake, yakaondoka na udongo wa juu na samadi aliyokuwa ameiweka majuma machache kabla. Mzee hakunigombeza. Alinionyesha tu mizizi ya mibuni iliyobaki wazi na kuniuliza, "Sasa mwanangu, hii tunairudishaje?" Hatukuweza kuirudisha msimu ule.

Kwa hiyo masika yakiwa yamepamba moto, acha trekta bandani. Chukua jembe na chepe, fungua midomo ya mitaro iliyoziba, kata tuta lolote linalozuia maji kutoka njiani. Kazi ya bapa ina misimu yake miwili: Februari hadi mwanzoni mwa Machi kabla ya masika, na Juni mvua zikishapungua huku udongo ukiwa bado na unyevu. Ili kujua kama udongo uko tayari, chota konzi kutoka njiani, uufinye, kisha uuachie udondoke kutoka usawa wa kiuno. Ukivunjika vipande vipande, washa trekta. Ukibaki donge au ukinata vidoleni, subiri siku mbili tatu. Ukimwagika kama unga, utachonga vumbi tu. Wenzetu wa Ngaramtoni na Oldonyo Sambu, upande wa Arusha, wanalijua hilo vizuri: udongo wao wa majivu ya volkano ukichongwa mkavu hupeperuka na upepo, na mvua ya kwanza humalizia uliobaki.

Mitaro kwanza

Kabla ya bapa kugusa njia, amua maji yatatokea wapi. Kwenye mteremko mkali ninashauri mchepuko wa maji kila baada ya hatua 20 hivi, na kwenye mteremko mpole hatua 40 au 50. Mchepuko uchepuke taratibu kuelekea chini. Ukiuchimba ukashuka wima, utageuka korongo jingine. Mdomoni panga mawe, kisha panda nyasi kama mabingobingo au vetiva ili maji yakifika yapunguze kasi. Mahali pazuri pa kuyapeleka ni kwenye migomba iliyotandazwa majani, kwa kuwa mgomba unayapokea na kunufaika nayo. Kwa jirani usiyapeleke kabla hamjazungumza. Mkae, mkubaliane, na ikibidi mchimbe pamoja shimo la kuyavuna.

Kuna mambo mawili ya huku kwetu ambayo hakuna kitabu cha trekta kitakachokueleza. La kwanza ni mfongo. Njia nyingi za vihambani zinakatiza mifereji ya asili ya kumwagilia, na bapa likijaza udongo kwenye mfongo mmoja, kaya nyingi za chini zinakosa maji. La pili ni masale. Njia za Uchagani zimepakana na mimea ya masale, na isale ni mpaka. Dereva asiyeangalia huling'oa akidhani ni kichaka, na kesi ya ardhi huanzia pale pale. Hapa tuwaige watu wa theluji: kabla msimu haujaanza wao huchomeka vijiti virefu pembeni mwa njia ili dereva aone ukingo ulipo. Na wewe fanya hivyo. Funga kitambaa chekundu kwenye kila kijiti, kimoja kwenye kila kalvati, kila mdomo wa mfongo, kila isale lililosogea njiani, na kila jiwe lililofukiwa. Jiwe lililofukiwa likipigwa na bapa linaweza kupinda mkono wa trekta.

Kupanga bapa na kupandisha mgongo

Kwa trekta la nguvu za farasi 25 hadi 35, bapa la mita 1.5 hadi 1.8 linatosha. Angalia jambo moja ambalo wanunuzi husahau: ukilikunja bapa pembe, upana wake unapungua. La mita 1.8 likikunjwa nyuzi 30 linafagia kama mita 1.55. Kama magurudumu ya nyuma yametanuka kuliko hapo, utakuwa unakanyaga ulichokichonga. Pima magurudumu yako kwanza, ndipo uongee bei. Ukitaka ushauri kuhusu zana, CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, wako pale Arusha na kupima zana za kilimo ni sehemu ya kazi yao.

Lengo ni njia yenye mgongo, katikati juu na pande zote mbili zikiinama kuelekea mitaroni. Mwinamo wa sentimita 5 kwa kila mita unafaa njia ya udongo. Njia ya mita 3.5 itakuwa na katikati iliyopanda kama sentimita 9 kuliko kingo. Usikadirie kwa macho, macho yanadanganya mlimani. Chukua ubao ulionyooka na pima maji ya fundi ujenzi.

Kunja bapa ili udongo uhame kutoka ukingoni kwenda katikati, kinyume kabisa na kazi ya theluji. Panda na upande mmoja, shuka na mwingine, gia ndogo, mwendo wa mtu anayetembea. Kila mpito ukwangue sentimita 2 au 3, usizidishe. Ukishindilia bapa chini ili umalize haraka, trekta litaanza kudundadunda na njia itabaki na mawimbi, na kila gari litakalopita litayaongeza. Udongo ukishajikusanya katikati, nyoosha bapa, linyanyue kidogo, uusambaze. Kisha shindilia. Huna rola? Pitisha tela lenye mzigo, ukihamisha magurudumu kila mpito ili yasirudie mkondo mmoja, na zuia magari mazito siku mbili.

Haya yote ni ya udongo mwekundu wa mlimani. Tambarare za Mabogini na Kahe, penye udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, bapa peke yake haliokoi kitu. Pale inua njia kwa moramu au changarawe, na bapa likusaidie kusambaza.

Kuhusu usalama sitaki kuonekana nimepita haraka, kwa sababu trekta dogo linapinduka upesi. Simamisha ule upinde wa chuma nyuma ya kiti na funga mkanda. Vyote viwili viende pamoja, kwani ukiwa na upinde bila mkanda unaweza kurushwa nje na kulaliwa. Fanya kazi ukipanda na kushuka, usikate mteremko kwa ubavu. Gurudumu likae mbali na ukingo wa mtaro, angalau sawa na kina cha mtaro wenyewe, maana ukingo uliolowa hukatika bila kuaga. Kufuli ya difu, inayoyafanya magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, itumie ukienda moja kwa moja tu, na uifungue kabla ya kukata kona. Mtoto asikae kwenye madigadi hata kama ni mita kumi hadi nyumbani. Na ukishuka, teremsha bapa mpaka ardhini kwanza, kisha zima injini.

Kwa upande wa matunzo, osha tope siku ile ile, piga grisi, hakikisha pini zote zina vibana vyake, na kisu cha chini kikilika upande mmoja, kama ni kile cha bolti kinachogeuzika, kigeuze kabla hujanunua kingine.

Tahadhari moja kwa wale ambao njia zao zinaingia barabara ya kijiji. Barabara hiyo iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na mtaro wake hauruhusiwi kujazwa ili upate daraja la kuvukia. Pitia kwa mtendaji wa kijiji, uombe kuweka kalvati.

Halafu mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, vaa mabuti, jifunike turubai, beba jembe, utembee njia yako yote kutoka juu hadi chini wakati maji yanapita. Yalipotuama, chomeka kijiti. Yalipovuka njia, chomeka viwili. Juni ikifika, vijiti hivyo ndivyo vitakavyokuonyesha pa kuanzia.