Siku nne Italia bila kula nyama

Kama hamli nyama na mna siku nne tu za Ulaya, nendeni Italia, na mkiweza mshuke hadi Puglia kule kusini. Huko kuna fave e cicoria: maharage ya fava yaliyokaushwa, yakachemshwa na kupondwa mpaka yakawa kama uji mzito, pembeni mboga chungu ya kijani, juu mafuta ya zeituni. Aliyezoea mchunga hatashtushwa na ule uchungu.

Pizza marinara nayo, jina lake la kibaharia lisiwatishe, haina samaki. Ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta, basi. Hata jibini haina.

Mitego iko kwingine. Risotto ya mboga, yaani wali mzito wa Kiitaliano, mara nyingi hupikwa kwa supu ya nyama, kwa hiyo ulizeni "brodo" (supu) gani imetumika. Piadina, ule mkate bapa wa Romagna unaofanana na chapati, kwa asili hukandwa kwa strutto, yaani mafuta ya nguruwe. Ombeni ya olio d'oliva, mafuta ya zeituni. Na Parmigiano Reggiano, ile jibini ya kunyunyizia tambi, hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Mimi nililijua hilo siku ya tatu, sahani ya tambi ikiwa imeshaisha.

Kusema "senza carne" (bila nyama) peke yake hakutoshi, ongezeni "senza pesce" (bila samaki). Halafu mikahawa mingi hufunga jiko kuanzia kama saa tisa alasiri hadi saa moja jioni, kwa hiyo msikose karanga mkobani.