Jinsi ya kupeleka ombi la fedha za utafiti katika Bunge la Kenya

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema Hazina ya Kitaifa ya Utafiti ipewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Haijapata kufika hapo, wala kukaribia. Kwa hiyo ukienda Bungeni huendi kuomba hisani. Unataka sheria ifuatwe, na barua yako isomeke hivyo.

Anza na kalenda. Watafiti wengi huzinduka Juni, Waziri wa Fedha anaposoma bajeti, chungu kimeshaepuliwa. Taarifa ya Sera ya Bajeti, yaani waraka wa Hazina Kuu unaopanga vipaumbele na viwango vya matumizi, hufika Bungeni kabla ya 15 Februari kupita, na wabunge wana siku 14 tu za kuijadili. Makadirio ya matumizi huletwa kufikia 30 Aprili, na Kifungu cha 221 cha Katiba kinailazimu kamati ya Bunge la Kitaifa kusikiliza wananchi inapoyachambua. Hapo waraka wa kurasa mbili unatosha.

Ombi rasmi, chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba kinachompa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lichukue hatua, lina masharti zaidi. Liandike kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kufutafuta, mada ikionekana kwenye kila karatasi. Eleza ulikobisha hodi kabla ya kuja Bungeni, barua kwa wizara kwa mfano, na useme kama suala liko mahakamani. Kisha tamka unachotaka Bunge lifanye. Hapa ndipo wanasayansi tunapoteleza: kurasa sita za vimelea vya malaria, halafu mstari mmoja, "tunaomba mtusaidie". Mtusaidieje? Andika kiasi gani, kitoke fungu gani, mwaka upi wa fedha.

Weka jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi. Lipeleke mwenyewe kwa Karani wa Bunge la Kitaifa, au umpe mbunge aliwasilishe kwa niaba yako. Usiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri. Karani hulikagua ndani ya siku 7. Likikidhi masharti husomwa ukumbini na kukabidhiwa kamati, nayo ina muda maalumu wa kujibu.

Ukiitwa mbele ya kamati, slaidi ziache nyumbani. Mbunge atataka kujua utafiti wako umemfaa nani kule kwao. Uwe na jibu la sentensi mbili, na uijue kaunti yake kabla hujaketi.