Namna ya kula thali Belgrave Road, Leicester

Ukienda Leicester, Uingereza, kula thali, ile sahani moja ya Kigujarati yenye vyakula vingi, usile Belgrave Road usiku wa Jumamosi. Nenda mchana wa siku ya kazi, saa saba hivi, na uende na njaa. Wikendi mikahawa mikongwe hujaa familia nzimanzima na wageni kutoka miji ya jirani, na mhudumu hana nafasi ya kukueleza kitu. Mchana wa katikati ya wiki utawakuta wazee wa mtaa wanakula, na sahani zao ndizo menyu yako ya kwanza. Wakati wa Diwali ndiyo usijaribu kabisa, labda uwe unataka taa na fataki kuliko chakula.

Mie hufika huko kwa sababu dada yangu ameolewa mji ule. Kutoka London ni gari moshi la St Pancras, saa moja na dakika kidogo, kisha nusu saa hivi kwa miguu kutoka stesheni, ukikata katikati ya mji kuelekea kaskazini. Ukianza kuona maduka ya dhahabu na sari yamefuatana, umefika.

Ujue unaingia mkahawa wa nani. Mikahawa mingi ya Uingereza inayoitwa ya Kihindi ilianzishwa na watu wa Sylhet, Bangladesh, na menyu zao hufanana mji hata mji: korma, vindaloo, kuku tikka masala. Sina ugomvi nayo, ila hicho unakipata popote. Belgrave Road ni ya Wagujarati, watu wenye asili ya Gujarat, India, na wengi wao walitoka kwetu Afrika Mashariki. Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda mwaka 1972, Baraza la Jiji la Leicester lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huko. Wakaja, wakafungua maduka. Bobby's, mmoja wa mikahawa ya zamani ya barabara hiyo, ulianza 1976, na ni wa mboga tupu.

Kwa hiyo usiulize kuku. Kwenye mkahawa wa namna hii hata mayai hayaingii jikoni. Kwa Mwislamu hilo lapunguza maswali, maana hakuna nyama ya kuulizia imechinjwa vipi. Pombe ni swali jingine: baadhi ya mikahawa huuza bia, basi tazama menyu iliyobandikwa mlangoni kabla hujaketi.

Mhudumu kijana utazungumza naye Kiingereza. Mzee aliyekaa penye mashine ya pesa ni habari nyingine. Msalimu kwa Kiswahili, taratibu, bila kumlazimisha: "Habari za mchana, mzee, sisi twatoka Mombasa." Kama hajaelewa, hujapoteza kitu. Kama ameelewa, jitayarishe kuulizwa Marikiti ikoje siku hizi, na nani amelichukua duka la fulani ambaye wewe hukuwa umezaliwa alipolifunga. Jibu unachojua, kisha umuulize swali moja tu: leo jikoni kimepikwa nini kipya? Atakachokutajia, agiza hicho.

Akisema thali, usisite. Ni sahani pana ya chuma yenye vibakuli: mboga mbili, moja kavu na moja ya mchuzi, dal (mchuzi wa mbaazi au dengu) au kadhi ya mtindi na unga wa dengu, rotli, yaani chapati nyembamba zilizopakwa samli, wali, papad, achari, kitafunwa kimoja cha chumvi na kitu kitamu. Kitafunwa kikiwa patra, una bahati: ni majani ya magimbi yaliyopakwa unga wa dengu wenye viungo, yakakunjwa, yakapikwa kwa mvuke, kisha yakakatwa vipande. Dal itakuwa na utamu. Anayeionja mara ya kwanza hudhani mpishi amekosea chupa, lakini ndivyo ipikwavyo, kwa sukari guru na kitu kichachu. Ukiila pamoja na achari ya embe, utaielewa.

Anza na rotli, kwa mkono wa kulia. Wali huja nyuma, na dal humiminwa juu yake. Ukitaka kijiko, omba, hakuna atakayekutazama. Kitamu nacho usikiweke hadi mwisho kama keki ya harusi. Chaliwa humo humo: tonge la puri, kichapati cha kukaangwa, lachovywa kwenye shrikhand, ule mtindi uliochujwa maji ukatiwa sukari, iliki na zafarani, kisha unarudi kwenye mboga ya viazi yenye pilipili. Uliza mapema kama thali yenyewe ni ya kuongezewa, kwa sababu kwingine ni mara moja tu na nyongeza hulipiwa. Ikiwa ya kuongezewa, watajaza kila bakuli linapopungua. Ukishiba funika sahani kwa kiganja useme basi.

Ukiwa huko msimu wa baridi, ulizia undhiyu. Ni mboga ya Surat ya biringani ndogo, viazi vikuu vya zambarau, maharage mabichi na vidonge vya unga vyenye majani ya uwatu, na haipikwi mwaka mzima.

Mogo ni muhogo wa kukaanga, wenye pilipili na ndimu. Agizeni sahani moja ya kugawana. Mwingi wao hutoka kwenye friza, na kwa kweli ule wa Mama Ngina, Mombasa, bado haujapata mshindani. Mwenye hamu ya bhajia za viazi za Nairobi, zile za vipande vyembamba, atafute Maru's Bhajia House, Ealing Road, Wembley, ambayo nayo ni ya mwaka 1976. Tambi za Kichina na paneer (jibini ya Kihindi) ya pilipili zimo kwenye menyu kwa ajili ya watoto. Mie siziagizi.

Mwenye mzio aseme kabla ya kuagiza. Sheria ya Uingereza yawataka wakueleze kama chakula kina chochote kati ya vitu 14 vilivyotajwa, karanga na ufuta vikiwemo. Anayekwepa ngano autaje mvuje (asafoetida) kwa jina: ule wa kopo mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano, nao huingia karibu kila dal. Asiyekula vitunguu aulize chakula cha Kijain, cha wafuasi wa dini ya Jain wasiokula vitunguu, watamwelewa mara moja.

Bei ya menyu tayari ina kodi ndani. Ukiona ada ya huduma imeongezwa kwenye bili, soma kama imeandikwa ni ya hiari. Ikiwa hivyo, waweza kuomba iondolewe, ingawa tangu Oktoba 2024 sheria inataka pesa hiyo iwafikie wafanyakazi, kwa hiyo mie huiacha.

Kabla ya kutoka, simama kwenye kabati la vioo. Vitamu na vitafunwa huuzwa kwa uzito, na robo kilo ni nyingi kuliko unavyodhani. Penda na barfi ni vitamu vya maziwa, uvile siku hiyo hiyo au kesho yake. Vya kwenda navyo Mombasa ni chevdo na gathia, vitafunwa vikavu vya chumvi. Mwambie akufungie kwenye mifuko miwili, mmoja utaisha kwenye gari moshi.